Picha za Ndani ya Mwili Siku ya Maafa

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998, watu waliokuwa ofisini karibu na Ubalozi wa Marekani mjini Nairobi walisikia mlipuko mdogo. Wengi walikwenda madirishani kutazama. Mara bomu kubwa likalipuka, na vioo vikawapiga usoni. Watu 213 walikufa mjini humo, na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao machoni.

Siku kama hiyo majeruhi hufika hospitalini kwa makundi, na daktari hana budi kuchagua wa kwanza. Wengi hudhani ya kuwa apigaye kelele zaidi ndiye aliye hatarini zaidi. Sivyo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu: yule aliyenyamaza pembeni pengine avuja damu tumboni.

Ndipo mashine zifaapo. Altrasaundi, itumiayo mawimbi ya sauti, hupelekwa hapo hapo alipolala mgonjwa, na kwa dakika chache huweza kuonyesha damu tumboni au kuzunguka moyo. Eksirei, iliyovumbuliwa na Röntgen wa Ujerumani mwaka 1895, huonyesha mifupa iliyovunjika, mapafu yaliyoumizwa na kishindo, na vipande vya chuma na hata vya kioo; lakini kijiti cha mti huenda kisionekane. Siti-skani, iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza huko London mwaka 1971, huonyesha mwili kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa, hata damu iliyo ubongoni.

Lakini siti-skani humpokea mtu mmoja mmoja, nayo huwa mlango mwembamba. Majeruhi wepesi wakiusonga mlango huo, aliye mahututi atafia nje. Kwa hiyo, msomaji, ukiambiwa, "Ngoja kidogo," wewe au nduguyo, usidhani umedharauliwa. Kungoja kwako huenda kukaokoa roho ya mwingine.

Tena kumbuka mambo matatu. Usikiapo mlipuko, jitenge na dirisha. Ukiwa ulikuwa karibu nao, kisha ukaona shida ya pumzi au maumivu ya tumbo, nenda hospitali ingawa huna jeraha. Na ikiwa washuku chuma kimeingia jichoni, mwambie daktari kabla ya kuingizwa katika mashine ya picha itumiayo sumaku, maana sumaku yaweza kukisogeza chuma hicho na kukupofusha.