Marisau Madogo ya Bastola: Hesabu ya Punje na Umbali

Katika Kiswahili neno risasi lina maana mbili: madini mazito ya rangi ya kijivu, na kitu kinachofyatuliwa kutoka katika bunduki. Maana hizo mbili hukutana katika marisau, yaani punje ndogo za risasi zinazojazwa kwa wingi ndani ya ganda moja. Aghalabu marisau hutumika katika bunduki za kuwindia ndege. Lakini nchini Marekani wakulima na wasafiri wa nyikani hutumia pia maganda ya bastola yaliyojazwa marisau, ili kujikinga na nyoka wenye sumu na kuua panya ghalani. Sababu yao ni kwamba ni vigumu kulenga kichwa cha nyoka kwa risasi moja nzima, na risasi hiyo ikikosa huweza kumdhuru mtu aliye mbali.

Anayechagua marisau hayo hukabiliwa na swali moja: je, zafaa punje nyingi ndogo sana, au punje chache zilizo kubwa zaidi? Jibu limo katika fizikia na hisabati zinazofundishwa katika shule za sekondari, na lina fundisho kwa kila aishiye mahali penye nyoka.

Namba na kipenyo

Marisau hupangwa kwa namba, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo punje inavyokuwa ndogo. Kwa kipimo cha Marekani, namba ikitolewa katika 17, jawabu ni kipenyo cha punje kwa sehemu za mia za inchi. Hivyo punje ya namba 9 ina kipenyo cha inchi 0.08, yaani milimita 2.03, na ile ya namba 12 ina inchi 0.05, yaani milimita 1.27.

Umviringo wa punje hizo ni kazi ya maumbile yenyewe. Mwaka 1782 William Watts, fundi wa mabomba wa Bristol, Uingereza, alipata hataza ya kudondosha risasi iliyoyeyushwa kutoka juu, ipite katika chujio na kuangukia majini. Tone linapoanguka, mvutano wa uso wake hulivuta liwe tufe, kwa kuwa tufe ndilo umbo lenye uso mdogo kuliko yote kwa ujazo ule ule. Mnara mmoja wa kazi hiyo, uliojengwa mwaka 1828 huko Baltimore, Marekani, wenye urefu wa mita 71 hivi, ungali umesimama.

Kugawa mzigo mmoja

Tofauti ya milimita 2.03 na 1.27 huonekana ndogo. Lakini ujazo wa tufe hufuata kipeo cha tatu cha kipenyo, na kwa hiyo punje moja ya namba 9 ina uzito wa punje nne za namba 12. Ya kwanza ina gramu 0.0485 hivi, na ya pili gramu 0.012 hivi. Ganda likijazwa gramu 6 za marisau, litachukua punje 124 za namba 9, au punje zipatazo 500 za namba 12.

Mwendo wa kutoka mtutuni ukiwa mita 300 kwa sekunde, kanuni ya nishati ya mwendo huonyesha kwamba punje ya namba 9 ina jouli 2.2 hivi, na ya namba 12 ina jouli 0.5 hivi. Jumla ya nishati ya mzigo mzima haibadiliki. Kinachobadilika ni mgawanyo wake. Anayechagua punje ndogo hupata mapigo mengi, lakini kila pigo huwa dhaifu.

Ukinzani wa hewa

Hewa huipunguzia mwendo kila punje, tena punje ndogo hudhurika zaidi. Mwalimu aweza kulieleza jambo hili kwa kipande cha sabuni chenye umbo la mchemraba, kila upande sentimita 2. Uso wake wote ni sentimita 24 za mraba. Kikikatwa katika michemraba minane ya sentimita moja moja, sabuni ni ile ile, lakini uso wote umekuwa sentimita 48 za mraba. Vivyo hivyo, punje ndogo ina uso mkubwa kwa kulinganisha na uzito wake. Umbali ambao punje hupoteza nusu ya mwendo wake huenda sambamba na kipenyo chake. Kwa hiyo punje ya namba 12 huhitaji takriban sehemu 5 tu kati ya 8 za umbali unaohitajiwa na namba 9.

Mtutu unaozungusha

Mtutu wa bunduki ya marisau kwa kawaida ni laini ndani. Mtutu wa bastola una mifuo iliyojipinda, ambayo huizungusha risasi moja ili isiyumbe. Kwa marisau mzunguko huo huleta hasara, kwa sababu punje zikishatoka hutawanyika kama matope yanayoruka kutoka katika gurudumu la baiskeli.

Na ichukuliwe bastola yenye mtutu wa milimita 9, ambayo mifuo yake hukamilisha mzunguko mmoja katika milimita 475. Punje iliyo pembeni huzunguka mzingo wa milimita 28 hivi kwa kila milimita 475 za kwenda mbele, yaani uwiano wa 0.06. Hivyo, iwapo marisau yote yanazunguka pamoja na mtutu, baada ya mita 3 punje hiyo itakuwa sentimita 18 kutoka katikati, na baada ya mita 6 sentimita 36. Kuongeza baruti hakupunguzi mtawanyiko huo, kwa kuwa mwendo wa mbele na ule wa pembeni huongezeka kwa pamoja.

Kichwa cha nyoka

Kichwa cha nyoka mkubwa chaweza kukadiriwa kuwa na eneo la sentimita 20 za mraba. Kwa umbali wa mita 3, duara la marisau lina eneo la sentimita 1,018 za mraba. Kwa wastani kichwa kitapata punje 2 au 3 za namba 9, au punje 10 za namba 12. Kwa mita 6 eneo limeongezeka mara nne: namba 9 haifikishi hata punje moja kwa wastani, na namba 12 hufikisha mbili au tatu, zilizokwisha kudhoofishwa na hewa. Ndiyo maana maganda madogo kabisa, yanayochukua gramu 2 tu na kutumiwa kwa panya, aghalabu hujazwa namba 12; yale makubwa zaidi hujazwa namba 9, yenye nguvu ya kupenya, nayo hukusudiwa umbali wa hatua chache tu.

Hapo ndipo penye fundisho. Nyoka kwa kawaida hawezi kurusha kichwa chake mbali zaidi ya nusu ya urefu wa mwili wake. Mwenye mita 1.5 hufika sentimita 75 hivi. Kwa hiyo pale ambapo marisau hufaa, yaani mita 3, mtu tayari yuko nje ya hatari ya kuumwa, na akirudi nyuma hatua nne anaongeza usalama wake bila gharama yoyote. Swila atemaye mate ni wa kuepukwa kwa mbali zaidi, maana sumu yake huruka zaidi ya mita 2 na kulenga macho. Punje zenyewe huweza kumpofusha mtu aliye mbali kuliko nyoka aliyekusudiwa. Zaidi ya hayo, risasi ni sumu: ndege huzimeza punje wakidhani ni changarawe za firigisi. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku marisau ya risasi katika uwindaji wa ndege wa majini nchini kote mwaka 1991.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Wengi wao ni watu wa mashambani, ambao kinga yao ni viatu, taa wakati wa usiku, nyumba isiyo na panya, na hospitali yenye dawa. Nyoka aliyeonwa mapema, na kuachiwa njia, kwa kawaida huondoka mwenyewe.