Hazina zilizozama baharini: Kwa nini wengi hutafuta na wachache hupata?

Karibu kila mji wa pwani una hadithi yake ya meli iliyozama na mali. Ukikaa na wavuvi, utanyooshewa kidole mahali ambapo eti chini yake kuna masanduku ya dhahabu. Hadithi nyingi za aina hii huishia hapo hapo, kwenye maneno.

Lakini zipo chache zilizothibitika kuwa kweli. Mojawapo ni ya meli ya Hispania, Nuestra Señora de Atocha, ambayo Mmarekani mmoja aliitafuta kwa boti kwa miaka 16 mpaka akaipata. Kisa chake kinaonyesha ni nini hasa kinahitajika ili mali itoke chini ya bahari, na watu wanalipa nini kwa ajili yake.

Meli ilizamaje?

Mwaka 1622, Atocha ilikuwa katika msafara wa meli 28 uliotoka Havana, Cuba, kurudi Hispania. Ilibeba mizinga 20 na kazi yake ilikuwa kulinda msafara kwa nyuma.

Shehena yake ilikuwa nzito kweli kweli: zaidi ya matofali 1,000 ya fedha yenye uzito wa tani 24 hivi, sarafu za fedha kwa maelfu, vipande 125 vya dhahabu, shaba, tumbaku na nili ya kupakia nguo rangi. Hiyo ni mali iliyoandikwa tu. Ile ya magendo hakuna aliyeihesabu.

Msafara ulichelewa kwa wiki kadhaa, ukang'oa nanga tarehe 4 Septemba, katikati ya msimu wa vimbunga. Kesho yake tu kimbunga kikaukuta. Tarehe 6 Septemba Atocha ikagonga mwamba karibu na visiwa vidogo vya Florida, ikazama. Kati ya watu 265 waliokuwemo, walipona 5: mabaharia 3 na watumwa 2, waliokutwa wameng'ang'ania mlingoti uliokuwa umechomoza juu ya maji.

Kwa nini Wahispania wenyewe hawakuitoa?

Walijaribu. Meli ilikuwa kwenye kina cha mita 17 hivi na mlingoti ulionekana. Wapiga mbizi walishuka, wakakuta milango ya stoo imefungwa imara. Wakaondoka kwenda kutafuta vifaa, na mwezi mmoja baadaye kimbunga cha pili kikapita hapo hapo. Kikavunja meli, kikatawanya mabaki yake, na mlingoti haukuonekana tena.

Miaka 4 baadaye walifanikiwa kutoa sehemu ya mali ya meli nyingine ya msafara ule, Santa Margarita. Walitumia kengele kubwa ya shaba iliyoshushwa majini ikiwa na hewa ndani, ili mpiga mbizi avute pumzi bila kupanda juu. Waliofanya kazi hiyo ya hatari wengi wao walikuwa watumwa. Atocha haikupatikana.

Hatua ya kwanza: makaratasi

Sasa twende mwaka 1969. Mel Fisher, aliyewahi kufuga kuku kabla ya kufungua duka la vifaa vya kuzamia, anaanza kuitafuta Atocha. Tatizo ni kwamba anatafuta mahali pasipo.

Nyaraka za zamani zilisema meli ilizama kwenye visiwa vya Matecumbe. Kwenye ramani ya leo, Matecumbe iko upande wa mashariki wa visiwa vya Florida. Fisher na washindani wake wakazunguka huko na boti zao bila mafanikio.

Aliyefumbua fumbo hakuwa baharini. Alikuwa mwanahistoria Eugene Lyon, akisoma makaratasi yaliyoliwa na wadudu katika hifadhi ya nyaraka za kale huko Seville, Hispania. Aligundua kwamba zamani Wahispania walitumia jina Matecumbe kwa visiwa vile kwa ujumla. Kisha akakuta hesabu za watu waliotoa mali ya Santa Margarita, zikitaja visiwa vya Marqués. Hivyo viko magharibi ya Key West, zaidi ya kilomita 150 kutoka pale Fisher alipokuwa akichoma mafuta ya boti.

Hapa ndipo hadithi inapotengana na hazina ya kweli. Ukiambiwa kuna meli ya dhahabu mahali fulani, uliza: ilitoka bandari gani, lini, ilibeba nini, nani aliandika? Serikali ya Hispania ilitoza kodi kwenye kila tofali la fedha, kwa hiyo kila moja lilikuwa na namba na uzito wake kwenye orodha ya mizigo. Mwaka 1973 timu ya Fisher ilipotoa matofali ya kwanza, namba zake zililinganishwa na orodha ya Seville zikakubaliana. Hapo ndipo ikathibitika kuwa wako kwenye njia ya Atocha.

Hatua ya pili: kufukua mchanga

Usifikirie meli iliyolala chini nzima nzima kama kwenye sinema. Mbao za karne ya 17 kwenye maji ya uvuguvugu huliwa na minyoo. Kinachobaki ni chuma, mizinga, na rundo la mawe ya farumi, yaani yale yanayowekwa tumboni mwa meli ili isiyumbe. Vyote hivyo huwa vimefunikwa na mchanga.

Ndiyo maana boti hutembea taratibu, kwenda na kurudi kama mtu anayelima shamba, ikivuta kifaa kiitwacho magnetomita. Kifaa hicho hunasa chuma kilichofukiwa. Dhahabu na fedha hakizioni kabisa, kwa hiyo unatafuta nanga na misumari ukiomba kwamba mali iko jirani. Mara nyingi unachokuta ni mtego wa kaa au bomu la mazoezi ya jeshi.

Kufukua, Fisher alitumia mabomba makubwa yaliyopinda, yakafungwa nyuma ya propela za boti. Boti ikitiwa nanga na injini kuwashwa, maji husukumwa chini kwa nguvu na kuchimba shimo kwenye mchanga. Shimo moja, kisha jingine, kwa miaka.

Kila siku mafuta yanaungua. Fisher aliuza hisa kwa wawekezaji, na kuna vipindi wafanyakazi wake walikaa bila mshahara. Kila asubuhi aliwaambia neno lile lile: leo ndiyo siku yenyewe.

Gharama isiyolipika

Julai 1975, mtoto wake Dirk alipata mizinga ya shaba ya Atocha. Ilikuwa dalili kubwa kuliko zote. Siku chache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 20, boti aliyolala iliingia maji na kupinduka. Dirk, mkewe Angel na mpiga mbizi Rick Gage walikufa.

Wengi wangeacha. Familia iliendelea, na miaka 10 baadaye, siku ile ile ya tarehe 20 Julai, mwaka 1985, boti iliyoongozwa na mtoto mwingine, Kane, ikapata rundo kuu: matofali ya fedha yamepangana chini ya bahari kama ukuta. Thamani ya mali yote hutajwa kuwa dola milioni 400 hivi.

Je, ukipata ni yako?

Hapa ndipo wengi hukwama. Jimbo la Florida lilidai mali ile, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1982. Fisher alishinda, lakini mwisho wa muongo huo Marekani ilikuwa imepitisha sheria inayoyapa majimbo umiliki wa meli nyingi zilizotelekezwa katika maji yao.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 2007 kampuni ya Odyssey ilitoa sarafu zaidi ya laki 5 kutoka meli ya kivita ya Hispania, Mercedes, iliyozama 1804. Hispania ilikwenda mahakamani Marekani ikashinda, na mwaka 2012 tani 17 za sarafu zikarudishwa kwa ndege. Kampuni ilibaki na gharama zake.

Na meli ya San José, iliyozama 1708 karibu na Cartagena na ambayo Colombia ilitangaza kuipata 2015, bado inagombaniwa. Colombia inadai, Hispania inadai, kampuni ya Kimarekani inadai. Wamo pia wenyeji wa Bolivia, wanaosema fedha ile ilichimbwa na mababu zao kwa kulazimishwa.

Huku kwetu je?

Bahari ya Hindi nayo ina hadithi zake. Mwaka 2015, huko kisiwa cha Sainte-Marie, Madagascar, mtafutaji Barry Clifford alitangaza kupata tofali la fedha la kilo 50 la haramia William Kidd. Wataalamu wa UNESCO walipolipima, wakakuta asilimia 95 ni madini ya risasi. Lilikuwa farumi.

Mombasa kuna kisa cha aina nyingine. Meli ya Kireno Santo António de Tanna ilizama 1697 mbele ya Fort Jesus, wakati Waomani wameizingira ngome. Kuanzia 1977 hadi 1980 wanaakiolojia waliifukua kwa utaratibu, na vitu vyake viko kwenye makumbusho ndani ya ngome hiyo. Hakuna aliyetajirika, lakini yeyote anayeingia pale anaweza kuviona.

Kwa hiyo ukisikia kuna hazina na unaombwa uchangie mafuta ya boti, kumbuka hesabu ya Fisher. Alikuwa na orodha ya mizigo yenye namba, alikuwa na mwanahistoria Seville, na bado ilimchukua miaka 16 na kumzika mtoto. Sehemu ya nyuma ya Atocha, walikokaa abiria matajiri, haijapatikana mpaka leo. Boti bado zinakwenda kuitafuta.