Sita wa Latham 47

Kati ya Norwei bara na visiwa vya Svalbard kipo Bjørnøya, kisiwa kidogo chenye miamba, ukungu na ndege wa baharini. Inaaminika kwamba ni kwenye maji ya upande huo ndiko ilikopotelea Latham 47, ndege ya Jeshi la Majini la Ufaransa, tarehe 18 Juni 1928, ikiwa na watu sita.

Walikuwa wakienda kuokoa wengine. Tarehe 25 Mei, Italia, puto kubwa la injini lililoongozwa na Umberto Nobile, lilianguka kwenye barafu likirudi kutoka Ncha ya Kaskazini. Roald Amundsen, Mnorwei aliyekuwa wa kwanza kufika Ncha ya Kusini mwaka 1911, akajitolea kumtafuta. Wawili hao walikuwa mahasimu: mwaka 1926 walipita pamoja juu ya Ncha ya Kaskazini, kisha wakagombea sifa hadharani. Hata hivyo alikwenda.

Amundsen hakuwa na ndege. Ufaransa ikamkabidhi Latham pamoja na wanamaji wake wanne: marubani René Guilbaud na Albert Cavelier de Cuverville, fundi Gilbert Brazy na mtu wa redio Émile Valette. Wa sita alikuwa rubani Leif Dietrichson wa Norwei. Ndege hiyo ilibuniwa kuvuka Atlantiki. Tumbo lake lilikuwa la mbao na ilitua majini tu. Kwa nchi ya barafu haikufaa, na hilo lisemwe wazi.

Iliondoka Tromsø alasiri. Baada ya karibu saa tatu, redio ikanyamaza.

Mwishoni mwa Agosti liliokotwa boya la bawa lake. Oktoba likapatikana tangi la mafuta, tundu lake limezibwa kwa mbao. Tangi halijizibi lenyewe! Inaelekea boya liling'oka, na watu waliokuwa bado hai wakajaribu kuliweka tangi tupu mahali pake ili ndege isipinduke.

Nobile aliokolewa siku chache baada ya Latham kupotea, na rubani Einar Lundborg wa Sweden. Wenzake waliosalia walichukuliwa Julai na Krasin, meli ya Kisovieti ya kuvunja barafu. Mwaka 2009 wanamaji wa Norwei walipekua sakafu ya bahari karibu na Bjørnøya. Hawakuiona ndege.

Mkasa huu huitwa kifo cha Amundsen. Waliokufa ni sita, na Wafaransa wanne wanastahili kutajwa kila anapotajwa yeye. Huko Caudebec-en-Caux, Normandy, ilikotengenezwa Latham, sanamu ya ndege hiyo imechongwa mwambani kuwakumbuka.