Hakuna Matata Si Funzo la Simba

Filamu ya vibonzo iitwayo The Lion King, iliyotolewa na kampuni ya Walt Disney ya Marekani mwaka wa 1994, ina deni kwetu. Mwaka wa 1991 watengenezaji wake walizuru mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, wakaitazama miamba na nyika yetu ili waichore. Maneno yetu pia waliyachukua: Simba, Rafiki, na Sarabi, maana yake mazigazi. Ngiri mnene akaitwa Pumbaa, nasi tuijuao lugha twacheka hata kabla hajafungua kinywa.

Hata hivyo, naona kwamba wengi wetu tumeielewa filamu hii kinyume. Tulichokariri ni wimbo wa hakuna matata, tukaudhania kuwa ndio wosia wa hadithi. Sivyo. Simba mchanga, akiwa amehadaiwa na ami yake Scar kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo cha babake Mufasa, anatoroka kwao. Huko ugenini Pumbaa na mwenziwe Timon wanamfundisha kutojali yaliyopita. Simba anakua akila wadudu. Hebu tafakari, msomaji: mwana wa mfalme wa nyika anafukua vijidudu chini ya magogo na kuona raha! Matata yapo, kwani nchi yao imekauka na jamaa zake wana njaa. Ni yeye tu asiyeyaona.

Anayemwokoa ni nyani mzee, Rafiki. Huyu, kwa maoni yangu, ndiye mwalimu hasa. Hamhutubii Simba kwa kirefu wala hamwamrishi awe nani. Anampeleka penye maji, anamwambia atazame, kisha atazame tena vizuri, hata kijana anapomwona baba yake ndani ya sura yake mwenyewe. Hapo ndipo anaporejea nyumbani kuyakabili matata aliyoyakimbia.

Je, haya yanatuhusu vipi? Mwaka wa 2003 maneno hakuna matata yalisajiliwa huko Marekani kuwa alama ya biashara ya kampuni hiyo katika mavazi. Mwaka wa 2018 maelfu ya watu walitia sahihi kulalamika. Malalamiko hayo yalikuwa na haki yake. Lakini alama ya biashara haimzuii mtu kusema lugha yake. Kinachomzuia mtoto wetu ni kile kibao cha aibu anachovishwa katika baadhi ya shule kwa kosa la kunena lugha ya nyanya yake. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, tena ikaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Mwanafunzi anayeicheka lafudhi ya mamake amejifunza kula wadudu na kudhani ni karamu.

Walimu wenzangu, filamu hii yafaa itazamwe darasani. Baada ya kuwaeleza wanafunzi maana ya Sarabi na Pumbaa, wapeni insha moja tu: jina lako lina maana gani, na ni nani aliyekupa? Asiyejua, na aende nyumbani akawaulize wazee.