BARABARA ZA MBULU NA HANANG: SHIMO NI LA NANI?

Msomaji wa Unguja na Pemba, ambaye tangu utotoni amezoea kwamba njia kuu ya kuingia na kutoka kwao ni bahari, hupata taabu kuifahamu dhiki ya mtu akaaye juu ya uwanda wa Mbulu au chini ya Mlima Hanang. Bahari huchafuka, kisha ikatulia. Haichimbiki mashimo, wala haihitaji kibarua wa kuifukia. Lakini kwa ndugu zetu wa wilaya hizo mbili za Mkoa wa Manyara, barabara ndiyo bahari yao, ndiyo bandari yao, na ndiyo jahazi lao. Ikiharibika, wao wamezingirwa.

Mgeni apitaye katika barabara ya lami itokayo Singida kwenda Babati, ambayo hupita Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, anaweza kudhani kwamba tatizo limekwisha. Na aiache lami hiyo siku ya mvua, ashike njia za udongo ziendazo vijijini, ndipo atakapoyajua yaliyomo.

Mwandishi wa makala haya alipata kusafiri katika njia hizo msimu mmoja wa masika. Basi lilikwama mara tatu kabla ya adhuhuri. Wanaume tulishuka tukasukuma, tope likatufika magotini. Mama mmoja alikuwa na magunia mawili ya vitunguu thomu aliyokuwa akiyapeleka mnadani. Tulipofika, wanunuzi walikuwa wamekwisha kuondoka, naye akalazimika kumwuzia mchuuzi mmoja aliyebaki kwa bei aliyoitaka mchuuzi. Dereva alijilaza chini ya gari akitazama springi iliyokatika. Abiria mmoja akauliza: shimo lile ni la nani? Hakuna aliyemjibu.

Swali hilo ni la haki, na jibu lake lipo. Barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya Wakala wa Barabara, yaani TANROADS. Barabara za wilaya, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Mgawanyo huo una maana kwa mhasibu na mhandisi. Kwa mwananchi mwenye mgonjwa juu ya machela hauna maana yoyote, maana shimo halina kibao cha jina. Anachokijua yeye ni kwamba ofisi moja humwelekeza kwenye nyingine, na mvua haingoji majibu ya barua.

Hebu tutazame jinsi shimo linavyozaliwa. Adui wa barabara ni maji yaliyokosa pa kwenda. Mtaro ukiziba, maji husimama juu ya njia. Yakisimama, huingia katika ufa mdogo, yakalainisha tabaka la chini, na gurudumu la kwanza zito likipita, udongo husukumwa nje. Leo ni kishimo cha kikombe, mwezi ujao ni cha karai, na masika yakiisha ni handaki. Katika mbuga za Hanang hali huwa ngumu zaidi, kwa sababu udongo mweusi wa huko ukilowa huvimba na kunata, na ukikauka hupasuka. Wahenga walikwisha kutuasa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kusafisha mtaro ni kazi ya jembe, koleo na siku chache. Kuijenga upya barabara ni kazi ya mabilioni na ya miaka.

Hatusemi kwamba hakuna lililofanyika. Msomaji aijuaye njia ya kupandia Mbulu kutoka bondeni, kupitia Magara, anafahamu thamani ya daraja lililojengwa huko miaka ya karibuni na ya zege lililomwagwa katika miteremko mikali. Mwenye insafu hana budi kulikiri hilo. Lakini mwenye insafu huyo huyo atakumbuka pia Mei 2022, pale Mbunge wa Mbulu Vijijini, Ndugu Flatei Massay, alipopiga sarakasi ndani ya ukumbi wa Bunge mjini Dodoma akidai barabara ya lami kwa watu wa jimbo lake. Wengi walicheka. Sisi tunaona kwamba mtu mzima, mwakilishi wa watu, hafikii kusimama kichwa chini miguu juu mpaka awe ameona kwamba maneno ya kawaida hayasikiki.

Juni 2023 Serikali ilitia saini mikataba ya barabara 7 nchini, ikiwamo ile ya Karatu, Mbulu, Haydom hadi Maswa, kwa utaratibu ambao mkandarasi hutafuta fedha, akajenga, na Serikali ikamlipa baadaye. Ni habari njema. Hata hivyo mkataba si lami, na saini haipitishi gari. Njia hiyo ndiyo iendayo Hospitali ya Haydom, iliyoanza kazi mwaka 1955, ambayo hupokea wagonjwa si wa Mbulu na Hanang peke yake, bali na wa mikoa ya jirani. Mama aliyeshikwa na uchungu hawezi kuambiwa asubiri mkandarasi apate mkopo.

Aidha, tusisahau Desemba 3, 2023. Siku hiyo tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaangukia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Barabara zikazibwa, na waokoaji wakapata shida kufika walikohitajiwa. Hakuna mtaro ambao ungeuzuia mlima ule. Lakini saa ile ilitufunza kwamba barabara si starehe ya wenye magari. Ndiyo inayoamua ni nani atafikiwa akiwa hai.

Lipo na suala la deni. Katika miaka ya 1970 wakulima na wafugaji wengi nchini walitakiwa waache makazi yao ya asili, wahamie katika vijiji vya pamoja, ambavyo vingi vilipangwa kando ya barabara, ili huduma ziwafikie. Huko Hanang wafugaji wa Kibarabaig walipoteza malisho ili Taifa lipate mashamba makubwa ya ngano, kwa msaada wa Kanada. Watu hao walitoa. Tangu mwaka 2021, kila lita ya petroli na dizeli imeongezewa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na kijana wa bodaboda wa Haydom huilipa sawasawa na mwenye gari la fahari wa Dar es Salaam. Ahadi ni deni, na fedha ya umma ni amana.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika mambo matatu, wala si makubwa. Kwanza, mitaro na makalavati yasafishwe kabla ya mvua za vuli na za masika, si baada yake. Pili, kila barabara iwekewe kibao kinachotaja ofisi yenye dhamana nayo, ili swali la abiria yule lipate jibu. Tatu, uzito wa malori ya mazao udhibitiwe bila kuoneana haya. Wananchi nao wasilime mpaka ndani ya mtaro, wala wasiugeuze kuwa njia ya mifugo, kisha wakailaumu Serikali.

Nasi wa visiwani jambo hili latuhusu. Hatuwezi kuapa kwamba kila kichwa cha thomu kinachouzwa Darajani kimetoka Mbulu. Lakini kila tunapolalamikia bei sokoni, tukumbuke kwamba huenda ndani yake imo springi iliyokatika, na mama aliyefika mnadani wanunuzi wakiwa wamekwisha kuondoka.