Kibali cha Mtafiti na Hesabu ya Siku

Katika kitivo chetu, kusema kwamba mtu "amekwenda Mpoto" kuna maana mbili, na tunazichanganya. Ya kwanza ni safari: kongamano la wiki moja, mafunzo ya miezi mitatu, halafu kurudi na sanduku na picha. Ya pili ni kuhama kikazi: kukaa ugenini kwa miaka, kulipwa huko, watoto kusoma huko, na kushika kadi inayosema kwamba wewe ni mtafiti. Makala haya yanahusu maana ya pili. Wengi wetu wa lugha za Kiafrika tunatafuta nafasi ya udaktari Ubelgiji, Ufaransa au Ujerumani, nami nimo, na maongezi yetu huishia kwenye bursi na viza. Kibali cha makazi hakitajwi. Nimezisoma sheria zake kwa muda sasa, na nimeona kwamba kwa mwanaisimu anayechunguza lugha za kwao kina tatizo ambalo mwenzake wa kemia halijui.

Kwa kupita tu: Mpoto wa Kilingala ni Ureno, yaani nchi ya wale waliofika kwanza mahali Mto Kongo unapoingia baharini, Ulaya ya Kiswahili inatokana na wilaya ya Kiarabu. Hakuna hata moja kati ya maneno haya mawili lililoanza likiwa jina la bara lenye lango na askari. Lango limekuja baadaye, na ndilo tunaloligonga sisi.

Tuanze na karatasi. Sheria ya msingi ni Agizo namba 2016/801 la Umoja wa Ulaya, lililopitishwa Mei 2016. Nchi wanachama zilitakiwa ziliingize katika sheria zao kufikia Mei 2018. Denmark na Ireland hazifungwi nalo. Agizo hilo linampa mtafiti kutoka nje mlango wake mwenyewe, tofauti na mlango wa mwanafunzi na ule wa mfanyakazi wa kawaida. Ufunguo ni mkataba wa kupokelewa, ule ambao kwa Kifaransa huitwa *convention d'accueil*. Unafungwa kati yako na taasisi ya utafiti. Unataja utafiti wenyewe, siku ya kuanza na ya kumaliza, uhusiano wa kisheria kati yenu na masharti ya kazi. Taasisi inaahidi kukupokea, nawe unaahidi kujitahidi kuikamilisha kazi.

Mkataba ukiwa hai, haki zake ni nyingi kuliko tunavyodhani. Kibali hutolewa kwa mwaka mmoja au zaidi, au kwa muda wa mkataba ikiwa ni mfupi kuliko mwaka. Ufaransa, kwa kadi yake ya "talent" iliyoanzishwa kwa sheria ya Machi 2016, inaweza kufika miaka minne. Mtafiti anaruhusiwa kufundisha. Mume au mke anaweza kumfuata pamoja na watoto, na kwa kawaida mwenzi huyo anaweza kufanya kazi. Anaweza kufanya sehemu ya utafiti wake katika nchi nyingine ya Umoja, hadi siku 180 katika kila siku 360. Na utafiti ukimalizika, hafukuzwi kesho yake: ana angalau miezi tisa ya kutafuta kazi au kuanzisha biashara.

Lakini yote hayo yanasimama juu ya mkataba. Uhusiano wako na taasisi ukivunjika, mkataba unakufa wenyewe, na kibali kinabaki bila nguzo. Kwa hiyo kutoelewana na msimamizi wa tasnifu, jambo ambalo hapa kwetu humalizwa kwa kumtuma mzee wa kitivo akaongee, kule kunaweza kugusa haki yako ya kulala ndani ya nchi. Ni vyema kuusoma mkataba mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi, hasa pale panapoeleza nani anaweza kuuvunja na kwa sababu gani.

Kuna pia neno "lisansi", ambalo linawatesa watu wetu bila sababu. Agizo linamtaka mtafiti awe na udaktari, au shahada inayofungua mlango wa udaktari. Katika mfumo wetu wa zamani mtu alisoma graduwa miaka mitatu, kisha lisansi miaka miwili; lisansi ya Kongo ni miaka mitano ya chuo kikuu. Ufaransa *licence* ni miaka mitatu. Karani anayesoma diploma yako huko haoni miaka, anaona neno, na neno linamwambia kwamba hujafika. Sasa tunahamia mfumo wa LMD, nao umeongeza ukungu, kwa sababu darasa moja linaweza kuwa na kaka mwenye lisansi ya miaka mitano na mdogo wake mwenye lisansi ya miaka mitatu, na karatasi zao zikafanana kwa jina. Sisi tunaofundishwa kila siku kwamba umbo moja la neno linaweza kubeba maana mbili hatuna udhuru wa kushangaa. Omba barua ya kitivo inayoeleza miaka, saa za masomo na nafasi ya shahada hiyo katika ngazi zetu, uiambatishe na karatasi za alama za kila mwaka.

Kuhusu viza sitakawia. Viza ya kukaa muda mrefu hutolewa na nchi unayokwenda, na alama za vidole huchukuliwa mbele ya mtu, si kwa posta. Kutoka Kabondo maana yake ni ndege ya Kinshasa, malazi ya Kinshasa na subira ya Kinshasa, kwa kuwa mashua za mto huchukua majuma. Agizo linaipa serikali siku 90 za kujibu ombi lililokamilika, au siku 60 ikiwa taasisi inayokupokea imeidhinishwa rasmi. Neno zito hapo ni "lililokamilika". Hesabu haianzi siku uliyopanda ndege. Inaanza siku faili lisipopungukiwa na kitu.

Sasa tufike kwenye tatizo lenyewe. Mtu anayetaka makazi ya kudumu, yale yasiyotegemea tena mkataba wala msimamizi, anafuata Agizo jingine, namba 2003/109. Linataka miaka mitano ya kukaa kihalali na mfululizo. Neno "mfululizo" limewekewa vipimo: kuwa nje kusizidi miezi sita kwa mkupuo mmoja, na jumla ya siku zote za nje katika miaka hiyo mitano isizidi miezi kumi. Kila nchi inaweza kuvumilia zaidi kwa sababu maalumu, lakini huo ni uvumilivu wake, si haki yako.

Miezi kumi kwa miaka mitano ni miezi miwili kwa mwaka. Mwanakemia ataona ni likizo nono, kwa maana maabara yake iko Leuven au Lyon, na akitoka nje anatoka kupumzika. Sasa mfikirie mwanaisimu anayeandika sarufi ya Kikumu, lugha ya wazee wengi wa upande wetu huu wa mashariki mwa Kisangani, au ya Kienya ya Wagenia, au ya Kilokele. Maabara yake iko hapa. Akipanga safari nne za uwandani, miezi mitatu kila moja, ambayo ni kazi ya kawaida kabisa kwa sarufi nzima, amekwisha kufika miezi kumi na miwili. Amepita kiwango kabla hajaomba hata siku moja kwa ajili yake mwenyewe. Na mtu wetu hakosi matanga. Mama akifariki, huwezi kuja siku tatu ukarudi kwa sababu kalenda ya idara ya wahamiaji imejaa.

Ujerumani inaongeza ukali wake. Katika sheria yake ya makazi, ibara ya 51, kibali chenyewe hufa ukikaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita, isipokuwa ofisi ya wageni iwe imekupa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo anayetaka kukaa Bafwasende miezi minane mfululizo asikilize lugha kwa misimu yake anatakiwa kuomba ruhusa ya maandishi mapema, wala asingoje hadi amerudi.

Linalonikera zaidi ni ulinganisho. Wenye Kadi ya Buluu ya Ulaya, ambayo hutolewa kwa kazi za ujuzi wa juu zenye mshahara unaofikia kiwango fulani, wanaruhusiwa kuwa nje hadi miezi 12 mfululizo na miezi 18 kwa jumla katika hesabu hiyohiyo ya miaka mitano. Yaani mhandisi wa kampuni, ambaye kazi yake haimdai kutoka, amepewa siku nyingi kuliko mtafiti wa lugha, ambaye bila kutoka hana kazi. Sidhani kuna aliyekusudia hivyo. Nadhani walioandika walipofikiri "mtafiti" walimwona mtu aliyevaa koti jeupe.

Kuna na mtego wa udaktari. Nchi nyingine humpa mtu wa udaktari kibali cha mwanafunzi, nyingine kibali cha mtafiti. Tofauti inaonekana ndogo hadi ufike kwenye hesabu: miaka ya masomo huhesabiwa nusu tu. Udaktari wa miaka minne kwa kibali cha mwanafunzi ni miaka miwili kwenye daftari lao, na utahitaji mitatu zaidi. Kwa kibali cha mtafiti ni minne, na unabakiwa na mmoja. Ukipewa nafasi, uliza hilo kabla ya kuuliza kiasi cha bursi.

Historia ya taaluma yetu inaufanya mzani huu uwe wa ajabu kidogo. John Carrington alifika Yakusu, hapa chini ya mto, mwaka 1938, na kitabu chake kuhusu ngoma zinazosema kilitoka 1949. Gustaaf Hulstaert alifika nchini mwaka 1925, akatoa kamusi ya Kimongo mwaka 1957, na akafia huku mwaka 1990. Walikuwa wamisionari, na milango waliyoingilia ilikuwa imefunguliwa na dola ya kikoloni. Sisemi turudi huko. Nasema tu kwamba walizijua lugha hizi kwa sababu walikaa kando ya wasemaji miaka kwa miaka. Leo msemaji mwenyewe wa lugha, akiwa mtafiti huko, ndiye anayegawiwa miezi miwili kwa mwaka ya kukaa na shangazi zake.

Waliotutangulia kuhama walijibu swali hili kwa njia tofauti. Salikoko Mufwene alisoma Lubumbashi, akamaliza udaktari Chicago mwaka 1979, na umaarufu wake mkubwa umetokana na krioli za upande ule wa Atlantiki, Kigullah cha Marekani hasa. Uwanja wake wa utafiti ulihama pamoja naye, na isimu ilifaidika. Eyamba Bokamba, katika Chuo Kikuu cha Illinois, alibaki na Kilingala na uchanganyaji wa lugha mijini. Lakini Kilingala kina wasemaji Brussels na Paris. Ukishuka Matonge ya Ixelles unaweza kukusanya data kabla ya chakula cha mchana. Kikumu hakina Matonge. Na matokeo yake tunayaona: kitabu kuhusu Kiswahili chetu cha Kisangani, kilichotoka 2015, kimeandikwa na Mjerumani, Nico Nassenstein. Sina kinyongo naye. Alikuja, akasikiliza, akaandika. Yeye akija Kisangani yuko kazini na akirudi yuko nyumbani. Mmoja wetu mwenye kibali akija Kisangani, huku kwetu tunasema amerudi nyumbani, na kule wanahesabu kwamba hayupo.

Yako mambo yanayoweza kufanyika, na nimeyakusanya kwa kuzungumza na kaka na dada waliotangulia. La kwanza ni kuandika kazi ya uwandani ndani ya mkataba wa kupokelewa, pamoja na mahali na miezi, ili siku ya kuomba uvumilivu uwe na karatasi ya kuonyesha kwamba taasisi ndiyo iliyokutuma. La pili ni kuzigawa safari ziwe chini ya miezi sita na kuweka daftari la mihuri ya pasipoti tangu siku ya kwanza. Baada ya miaka mitano hakuna anayekumbuka aliingia lini. La tatu, ambalo wengi hulidharau, ni kurekodi sana kabla ya kuondoka. Simu haiwezi kuziba pengo lote. Toni utaisikia kwenye simu, lakini simu ya kawaida hukata sauti zilizo juu ya hezi 3400 hivi, na kutofautisha *s* na *f* hapo ni kubahatisha. Wala simu haikupi mabishano ya watu watatu chini ya mwembe, wakikatizana, ambayo ndiyo sarufi halisi.

Mimi nimekwisha kurekodi saa kadhaa za Kikumu na wazee wa komini yetu ya Kabondo, hadithi, mashauri ya mahari, na mabishano yao kuhusu bei ya samaki. Nakala moja inabaki kwa wenye sauti, moja kitivoni. Mtaa wa pili kuna bibi anayekataa kurekodiwa asubuhi, kwa madai kwamba sauti yake huamka saa sita. Naye nimempangia mchana wa Jumamosi.