Magitaa Mawili ya Besi, Wimbo Mmoja

Wapenzi wa taarabu, hapa Eldoret, mbali na bahari, nimesikiliza magitaa mawili ya besi ya Fender yakirekodiwa: Precision, lililotoka mwaka 1951, na Jazz, la mwaka 1960. Mpigaji alikuwa mmoja, wimbo wa arusi mmoja, na nyuzi za aina moja.

Precision lina sumaku moja ya kunasa sauti, iliyogawanywa vipande viwili tangu 1957. Sauti yake ni nene, imejaa katikati. Jazz lina sumaku mbili. Zikifunguliwa zote sawasawa, ile sauti ya kati hupungua.

Kwenye spika kubwa, Jazz lilimpisha mwimbaji, na udi ukasikika wazi. Lakini kwenye redio ndogo ya dukani lilififia. Spika ndogo haiwezi sauti za chini kabisa. Hutoa zile za kati, na hapo Precision likatamba.

Basi lipi bora? Wengi wetu twasikiliza kwa spika ndogo. Hata hivyo, mimi nachagua Jazz. Taarabu ni maneno: afadhali besi ipotee kuliko neno la mtunzi kufunikwa.